Kengele Ndani ya Mashua

Mashua ilipofika Nakuru kwa gari la mizigo, mapema mwaka wa hamsini na nane, mafundi wa shedi ya reli walioishusha walivua kofia. Ilikuwa ndefu kupita kiasi, nyembamba, imeviringishwa blanketi za kijivu na kukazwa kamba, na mzee Makokha, fundi wa boila, akawanong'oneza wenzake kwamba sijui ni Mzungu gani huyu aliyejaliwa urefu wa namna hii. Wakaibeba taratibu, kwa adabu zote za msiba, mpaka kwenye lori la shule ya misheni. Jioni mwanawe Khaemba alipomweleza kuwa hakubeba maiti bali chombo cha kupigia makasia, mzee alinuna mpaka ugali ukapoa.

Huyo Khaemba ndiye tunayemsimulia. Alikuwa na miaka kumi na saba, mabega ya mbeba magunia na moyo usiojua kungoja. Akikipenda kitu alikipenda kwa mikono na miguu, akili ikimfuata nyuma ikihema. Alizaliwa kwenye landhi, zile nyumba za safu za wafanyakazi wa reli, na kwa mlio tu angekuambia ni injini gani inayopanda kutoka Naivasha na ni dereva gani anayeivuta kamba. Kimilili, kwao kwa asili, alikujua kwa Krismasi na kwa matanga. Kibukusu chake kiliwafanya shangazi zake wazibe midomo kwa leso.

Lakini jambo moja la Kimilili alilijua barabara, maana kila mvulana wa Kibukusu hulijua hata akizaliwa ndani ya behewa. Mwaka huo ulikuwa mwaka wa tohara. Kwao mwaka mmoja ni wa kutahiri na unaofuata ni wa kupumzika, na msimu wenyewe ni Agosti. Wenzake wa rika lake walikwisha anza kujipima ubavu. Khaemba alikaa kimya. Na kimya chake kilimuumiza zaidi mdogo wake, Kundu, aliyemfuata kwa mwaka na ushei, kijana mwenye kiherehere aliyetamani kisu kama wengine wanavyotamani baiskeli. Kwa mila, mdogo hamruki mkubwa. Khaemba asipokwenda, Kundu naye haendi.

Sababu ya kimya hicho ilikuwa ile mashua. Mwalimu Mkuu, Mzungu mmoja mrefu mwenye masikio mekundu, alikuwa mpiga makasia enzi za ujana wake, na shule aliyosoma huko Uingereza ilikuwa imealika timu ya wavulana wake waje kwenye regata, yaani mashindano makubwa ya makasia, mwisho wa Julai. Wangesafiri kwa meli kutoka Mombasa mwezi wa Juni na kurudi Septemba. Walitakiwa wapiga makasia wanne na mshika usukani mmoja. Khaemba alipochaguliwa kukaa kiti cha mbele ya mshika usukani, kiti cha yule anayeweka mwendo ambao wengine wote huufuata, alikimbia kutoka shule hadi landhi bila kukumbuka kuwa viatu vyake ameviacha chini ya mti. Suala la Agosti alilisukuma kando. Alijiambia miaka miwili si mingi, ataingia msimu ujao, na huenda hakuna atakayeona.

Wengine wanne nao walikuwa na vituko vyao. Obura, ambaye baba yake alikuwa mfunguaji njia za reli na kwao ni karibu na Kisumu, alijiita mwenye maji, ila alizoea mtumbwi ambao mtu hutazama anakokwenda, kwa hiyo kila baada ya makasia machache aligeuka kuchungulia na mashua ikalala ubavu. Kiptanui wa Mau Narok aliweza kuinua gunia la viazi kwa mkono mmoja lakini alikuwa hajawahi kuona maji mengi kuliko ya birika la ng'ombe. Kiprugut, mtoto wa Olenguruone, alivuta kwa nguvu mpaka mashua ikazunguka mahali pamoja. Mshika usukani alikuwa Zeddy, mwembamba, bingwa wa hesabu, mwenye sauti ya kifaranga.

Siku za wiki walijifunza nchi kavu, wamekaa kwenye mabenchi nyuma ya landhi, wakivuta miti ya ufagio huku akina mama wakiacha kufua ili wacheke vizuri. Jumamosi walipanda gari la mizigo pamoja na gadi mpaka Naivasha, kwenye ziwa la maji matamu, maana la Nakuru ni magadi na tope, la kuogelea heroe si la mashua. Huko ndiko mzee Makokha alikokwenda mara ya kwanza, siku ya mapumziko yake, kuona alichokiombolezea.

"Sasa mbona wamekaa hivyo?" alimuuliza Mwalimu Mkuu. "Wamepatia mbele mgongo."

"Ndivyo inavyofanywa, mzee. Anayeona mbele ni mshika usukani peke yake."

"Bwana, mimi na heshima yangu yote. Mtu mzima anaendaje mahali akipageuzia kisogo? Kwetu hata kuku haingii nyumba hivyo."

Mwalimu Mkuu alicheka, Makokha hakucheka. Kwao Kimilili, mvulana anayetoka mtoni alfajiri ya kutahiriwa, mwili mzima umepakwa tope, huambiwa neno moja kubwa kuliko yote. Asitazame nyuma. Hapa mwanawe alikuwa anafundishwa kutotazama kitu kingine.

Siku hiyo hakukuwa na la kutazama kwa kweli. Upepo wa ziwa uliinuka, sauti ya Zeddy ikapeperushwa kabla haijafika kiti cha pili, na kila mmoja akavuta saa aliyoipenda. Makasia yaligongana. Viboko walitoa vichwa kati ya mafunjo wakatazama, wakazama tena. Mwalimu Mkuu alipiga mayowe kwenye parapanda ya bati mpaka masikio yake yakawa rangi ya nyanya, halafu akaiweka chini. Wakiwa wanarudi kwa gari la jioni aliwaambia wazi kuwa mashua isiyokuwa na mwendo mmoja hapeleki ng'ambo. Afadhali abaki nyumbani kuliko kwenda kuchekwa.

Khaemba hakula chakula cha usiku. Alilala chali akiangalia dari, na darini, kwenye msumari juu ya kitanda cha wazazi wake, zilining'inia kengele.

Zilikuwa mbili, za chuma kizito, kila moja na bangili yake ya kuigongea. Waliita chinyimba. Baba yake alizipiga ujanani alipozunguka kuwaalika ndugu zake waje waone akitahiriwa, na kabla yake alizipiga babu. Ukizigonga mkononi hutoa mlio mkali wenye mdundo usiopotea hata sokoni, na wanaokufuata hawana njia ila kucheza kwa mdundo huo huo. Khaemba alizitazama, na ule moyo wake usiojua kungoja ukaanza kuruka. Alijua zina maana gani. Alijua pia kwamba Naivasha si Kimilili, kwamba maji si nchi kavu, na kwamba atakayezipiga ni Zeddy, Mnandi wa watu asiye na habari. Mtu akitaka kitu, sababu hazimpungukii.

Jumamosi iliyofuata, wakiwa katikati ya ziwa, alizitoa kwenye mfuko wa unga. Alimfunga Zeddy bangili mikononi, akamwonyesha mara moja. Mwanzo Zeddy alizigonga kwa woga wa mtu anayeshika yai. Halafu Khaemba akazichukua mwenyewe, akazigonga kwa zile sauti za kwao, nzito na nyepesi, nzito na nyepesi, mabega yakitikisika, na wote wanne wakaanza kutikisika bila kujijua. Akamrudishia Zeddy. "Hivyo hivyo," alisema. "Ile nzito tunavuta. Ile nyepesi tunarudi."

Makasia manne yaliingia majini kwa pamoja na kutoka kwa pamoja. Mashua ikainuka. Khaemba aliisikia ikiinuka chini yake, ikaacha kupigana na maji, na povu likaanza kuimba pembeni mwa ubao. Obura akasahau kuchungulia. Kiptanui akasahau kuogopa. Walikata ziwa mlima Longonot ukirudi nyuma mbele ya macho yao, na Kiprugut, ambaye huzungumza mara moja kwa wiki, akasema, "Hii sasa ni kitu." Khaemba alitaka kulia na kucheka. Alikuwa hajawahi kufurahi hivyo tangu kuzaliwa, na wala hakujaribu kujizuia.

Ufukweni Mwalimu Mkuu alikuwa ametupa kofia yake majini. Lakini hakuwa peke yake aliyesikia. Pembeni mwa ziwa kulikuwa na mashamba ya walowezi, na kwenye shamba mojawapo wanaume na wanawake walikuwa wakipalilia, na nusu ya wapaliliaji hao ni watu wa Kimilili. Chinyimba zilipolia, majembe yalisimama. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Kisha safu nzima ikaacha mistari ya mboga na kuifuata mashua kando ya mafunjo, ikicheza na kuimba, nyapara akiwafuata nyuma asijue awakemee au acheze.

Mashua ilipofika nchi kavu, mzee mmoja wa shamba alimshika Khaemba mkono. "Wewe mtoto wa nani?"

"Wa Makokha, wa reli Nakuru."

"Aa, Makokha. Basi tumesikia," alisema yule mzee kwa furaha. "Agosti tutakuja kwenu."

Hapo ndipo Khaemba alipoelewa amefanya nini, akazirudisha haraka kengele kwenye mfuko wa unga.

Habari kwenye reli haihitaji simu. Ilipanda na gari la usiku, ikabadilisha injini Nakuru, ikafika Kimilili kabla ya wiki kwisha. Mjomba Nabiswa, kaka wa mama yake, alikwisha mtenga fahali, maana kwa mila mjomba ndiye humchinjia mpwa wake na kumvika ukanda wa nyama shingoni siku moja kabla ya kisu. Shangazi walianza kuotesha wimbi, ile nafaka ya kupikia pombe. Kundu alipozisikia habari hizo pale bombani, aliruka juu mpaka akamwaga ndoo nzima.

Mzee Makokha alirudi kutoka shedi na makaa usoni, hakunawa. Alisimama chini ya ule msumari mtupu.

"Nani alikuruhusu?"

"Baba, ilikuwa ni ya mwendo tu. Ya mashua."

"Nani alikuruhusu?"

Mama yake, Nanyama, alikuwa jikoni, na mwiko wake ukasimama.

"Msinde ambaye hajapitia kisu akishika kengele, amesema yuko tayari," Makokha alisema. "Watu wameambiwa waje. Fahali ametajwa. Halafu Agosti ifike, waje wakute wewe uko kwa maji ya Wazungu? Watasema nini? Watasema mtoto wa Makokha aliita watu, akaona kisu, akapanda meli. Na watasema hivyo mpaka watoto wako wazeeke." Akavuta pumzi. "Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Hiyo safari imekwisha."

Khaemba alitoka akaenda kukaa kwenye reli za nyuma ya landhi, akahisi kifua kimejaa mawe. Angependa mtu amwambie amekosea mahali fulani padogo. Lakini alikuwa amekosea mahali pakubwa na peupe, kwa furaha, na kosa la furaha halina wa kusingiziwa.

Sasa, Mwalimu Mkuu alikuwa ameandaa jaribio la mwisho kabla ya safari. Walowezi vijana wanne waliowahi kupiga makasia vyuoni kwao walikubali kuingia kwenye mashua nyingine pale Naivasha na kushindana na wavulana, na wazazi wote wakaalikwa. Makokha alikwenda. Alimruhusu mwanawe ashindane siku hiyo moja, kwa kuwa wenzake wanne hawakumkosea mtu. Lakini kabla hawajaingia majini alinyoosha mkono, Zeddy akamvulia bangili, na mzee akazitia chinyimba katika mifuko ya koti lake la reli, moja huku na moja huku. Akamwita Kundu asimame karibu naye. Wale watu wa shamba walikuwa wamejaa ufukweni wakingoja burudani.

Kitambaa kiliposhushwa, Wazungu waliondoka kwa pigo moja safi. Mashua ya shule iliondoka kwa mapigo manne. Zeddy alipiga kelele, upepo ukazila. Obura aligeuka kuchungulia, kasia lake likagonga la Kiprugut. Khaemba alivuta kwa hasira, kisha kwa aibu, na vyote viwili haviendeshi mashua. Kwa kuwa alikuwa ametazama nyuma, aliweza kuona kila kitu alichokuwa akikiacha. Aliona ufuko, umati wenye huzuni, Mwalimu Mkuu ameziba macho. Aliona koti la baba yake.

Makokha naye aliona. Mtu aliyefanya kazi ya boila maisha yake yote anajua mashine nzima na anajua mashine iliyokosa kitu kimoja. Aliona vijana wanne wenye nguvu wakipoteana, na kitu hicho kimoja kilikuwa kizito mifukoni mwake. Alikohoa. Alisonga hatua mbele. Akaangalia pembeni kama mtu anayetafuta choo. Kundu aliyekuwa ubavuni mwake alisimulia baadaye kwamba mkono wa baba uliingia mfukoni wenyewe, bila kumuuliza mwenye koti.

Chinyimba zikalia.

Mzee wa miaka hamsini, fundi mkuu wa boila, mshiriki wa kanisa, aliyetahiriwa zamani na mwenye watoto sita, alikuwa anazipiga kengele za wavulana mbele ya watu. Na hakusimama. Alikimbia kando ya ziwa, koti likipepea, viatu vikimeza maji, akigonga nzito na nyepesi, mabega yakirudi ujanani. Watu wa shamba walishangaa pumzi moja tu, kisha wakamfuata wote, na Nanyama, aliyekuja kimya na kukaa kimya, akafungua kigelegele kilichowainua ndege kutoka majini.

Katika mashua Khaemba alisikia. Hakuhitaji kugeuka, alikuwa amekaa akimtazama. Alimwona baba yake akiruka shina la mafunjo kama kijana, na kitu kikapasuka kifuani mwake, mawe yakatoka. "Nzito," alisema, na wote wakavuta. Mashua ikainuka. Zeddy akaanza kugonga ubao kwa viganja akimfuata mzee. Waliwakaribia Wazungu, wakawa sambamba nao, na kijana mmoja wa kule akatupa jicho pembeni, ambalo ndilo kosa la Obura, na walijua wote ndani ya mashua kuwa limewafaa. Walipita kigingi cha mwisho wametangulia kwa urefu wa mtu mmoja.

Makokha aliketi tope tupu, akihema, kengele mikononi. Watu wakamcheka mpaka wakashikana mabega. "Mzee," yule mzee wa shamba alimuuliza, "kumbe na wewe tunakuja kwako Agosti?"

Alicheka pia. Afanyeje? Lakini kicheko kilipokwisha na wavulana walipotoka majini wakidondoka, aliinuka na uso wa kazi.

"Khaemba, kwenda unastahili," alisema. "Mimi nimeona kwa macho yangu na nimejiaibisha kwa miguu yangu. Lakini hizi zimelia, na watu wa Kimilili hawajui habari ya kasia. Zimelia kwa nyumba ya Makokha. Lazima mtoto wa nyumba ya Makokha asimame Agosti."

Hapo Kundu akasogea. Alikuwa ameweka mikono nyuma, macho yanawaka.

"Mtoto wa nyumba ya Makokha yuko," alisema.

Kila Mbukusu pale alielewa. Kama Kundu angetahiriwa Agosti hiyo, angekuwa mwanaume, na kaka yake mkubwa angebaki mvulana kwa miaka miwili. Kundu angekaa na wazee, Khaemba angeitwa kuleta maji ya kunawa. Kwenye mambo ya nyumba mdogo angesema kwanza. Na si miaka miwili tu, maana mpangilio wa kisu haufutiki. Aliyetangulia ametangulia mpaka kaburini.

"Hilo si langu kukubali," Makokha alisema polepole. "Mdogo hamruki mkubwa mpaka mkubwa mwenyewe amfungulie. Khaemba, ni wewe."

Khaemba alimtazama mdogo wake, ambaye jana tu yeye Khaemba, kwa ukubwa wake, alimnyang'anya kiti. Alitazama mashua iliyolala majanini, tumbo lake linang'aa. Alitaka safari na alitaka ukubwa wake, vyote alivitaka kwa mikono na miguu, na kwa mara ya kwanza maishani akili yake haikumfuata nyuma bali ilisimama mbele yake, ikamngoja. Akajua vilevile kuwa atakapokubali, kengele zitabaki na Kundu. Huwezi kualika ndugu kwa mikono mitupu. Ng'ambo wangepiga makasia bila sauti hiyo.

Alizichukua kutoka mikononi mwa baba yake. Akamfunga Kundu bangili, mkono wa kulia, kisha wa kushoto, akazikaza.

"Usinitie aibu," alimwambia.

"Na wewe pia," Kundu alisema, akagonga kengele mara moja kwa furaha.

Waliondoka Juni. Stesheni nzima ya Nakuru ilikuja, na wale mafundi waliovua kofia kwa ajili ya mashua wakazivua tena, safari hii wakizirusha. Melini Zeddy aligonga sahani, mbao, vyuma vya ngazi, chochote kilichotoa mlio, mpaka mpishi akamfukuza, na wale wanne wakavuta makasia ya hewa kwenye sitaha asubuhi na jioni. Khaemba, aliyeishia kuwa mzee wa Kiamunyi, fundi wa reli kama baba yake, mwenye bustani ya sukuma na wajukuu wakorofi, alipenda kusema kwamba Bahari ya Shamu aliivuka kwa kasia lisilokuwepo. Wajukuu walimwambia babu anaongeza chumvi. Alikuwa anaongeza.

Mto wa regata ulikuwa mwembamba, wa kijani, na watu wamejaa kingo zote mbili na miavuli. Siku ya kwanza waliwashinda wavulana wa shule moja kubwa, na watu wakasimama kuwapigia makofi. Siku ya pili, shindano la mwisho, Zeddy aliishiwa sauti katikati ya njia. Alifungua mdomo, pakatoka pumzi. Khaemba aliona kwa macho yake hofu ya yule mtoto, uso kwa uso, na nyuma ya Zeddy aliona mto wote waliokwisha upita, ukienda mbali, na akajua kuwa huko anakotazama, mbele ya macho yake ingawa hakuonekani, ni nyumbani. Huko wakati huo Kundu yuko kwenye vijia vya Kimilili anazunguka kwa shangazi na wajomba. Anagonga nzito na nyepesi. Khaemba hakusikia kitu, hakuwa mwehu. Lakini alianza kuvuta kwa mwendo wa mtu anayesikia, na watatu nyuma yake wakamfuata mpaka kigingi cha mwisho. Walikuwa wa pili kwa kipande cha mkono. Kiprugut alilia, akasema ni jasho.

Septemba walishuka Nakuru. Kundu alikuwa stesheni. Alikuwa amepona na kuruhusiwa kurudi shule, ingawa sherehe zenyewe za kutoka jandoni zingengoja Desemba. Alisimama baina ya baba yake na wazee wa landhi, suruali ndefu, fimbo mkononi, shingo imekaa namna nyingine. Ilijulikana mpaka Webuye kuwa alisimama mbele ya kisu asipepese jicho. Khaemba alimkimbilia mikono wazi.

Kundu hakufungua yake. "Khaemba," alisema, si kwa sauti kubwa. "Chukua hilo sanduku ulipeleke nyumbani. Tutasalimiana baadaye."

Mama akaangalia chini. Khaemba alikuwa na nishani ya fedha mfukoni, na masikio yake yalipata joto mpaka yakawa kama ya Mwalimu Mkuu. Mkubwa ni jalala, husema watu, na siku hiyo hakuwa hata mkubwa. Aliinama, akalitia sanduku begani, akaanza kwenda.

Alipofika nyuma ya shedi, mahali ambapo ukuta huficha, alisikia viatu vikikimbia. Kundu alilishusha lile sanduku kutoka begani mwake, akashika kishikio kimoja, akamwachia kingine. Walikwenda hatua kadhaa wakilibeba wawili.

"Niambie," Kundu alisema, akihema. "Ilikuwaje bila kengele?"

"Tulikuwa wa pili. Zeddy alipoteza sauti. Nikakuangalia wewe."

"Mimi nilikuwa Kimilili."

"Ndiyo. Tulikuwa tumekaa tukiangalia huko."

Kundu alibadilisha mkono wa kushikia sanduku. "Mimi kutoka mtoni niliambiwa nisiangalie nyuma," alisema. "Na sikuangalia. Lakini nilijua wewe unaangalia, nikaona basi, nyuma kuna mtu."

Njia ilikunja kuelekea landhi, na majirani walikuwa wamesimama milangoni wakiwangoja. Kundu akakiachia kile kishikio, akanyoosha koti, akatangulia mbele na fimbo yake. Khaemba alilipandisha sanduku begani, akamfuata, akijitahidi kuuficha uso wake usionekane unacheka.